Masisi kwa maneno mia sita ya Kichina

Tangu nilipotoka Goma mwezi wa tisa mwaka 2024, swali munaloniletea ni lile lile: Kichina kinaingia? Kinaingia, polepole. Leo nieleze kidogo namna tunavyoishi huku, na pia lile juma la mwezi wa tatu mwaka 2025 ambalo ninyi mulilipita kwa upande wenu, nami kwa upande wangu.

Niko Jinhua, mji wa mkoa wa Zhejiang, karibu saa mbili kwa treni ya kasi kutoka Shanghai. Mwaka wa kwanza hatufundishwi kitu kingine ila lugha. Asubuhi darasa, mchana kunakili herufi kwenye daftari la vyumba-vyumba kama mtoto wa darasa la kwanza. Tunapimwa kwa mtihani unaoitwa HSK: mwaka 2025 ngazi ya kwanza ilikuwa maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, ya nne 1,200. Bila ya nne, vyuo vingi havikupokei kusoma fani yako kwa Kichina. Mimi niliyekuwa nakula kwa kusema redioni, miezi ya mwanzo nilikuwa nanyoosha kidole tu kuomba chumvi.

Mambo mengine mtu anayazoea haraka. Huku wanakunywa maji ya moto, hata wakati wa joto. Kulipa ni kwa simu. Muuza viazi vya kuchoma barabarani ana karatasi yake ya kuskani, ukimpa noti anakuangalia kama umemletea kazi. Unga wa mahindi ni wa njano. Muhogo wanaujua, wanauita mushu, lakini wanautengenezea vidonge vya kutia ndani ya chai ya maziwa! Nikitaka bugali ya kweli napanda treni dakika ishirini hivi hadi Yiwu, kwenye soko kubwa ambako wafanyabiashara wetu wanakuja kununua bidhaa. Huko nasikia Lingala na Kiswahili cha Bukavu, na roho inatulia.

Watu wanaogopa Kichina kwa sababu ya kupandisha na kushusha sauti. Neno ma, ukiliimba juu ni mama, ukilishusha na kulipandisha ni farasi, ukilidondosha ni kugombeza. Mwenzetu mmoja aliyekulia Kiswahili tupu aliteseka sana. Mimi ni mtoto wa Kihunde, na Kihunde, sawa na Kinyanga cha wajomba zangu wa Walikale, nacho kinabeba maana kwenye sauti. Sikio langu lilikuwa limeshafundishwa nyumbani bila mimi kujua. Tena wana kitu kama ngeli zetu. Huwezi kusema ng'ombe watatu hivi hivi, unaweka neno katikati: vitu bapa vina lao, vitu virefu kama mto na barabara vina lao, na ng'ombe wanahesabiwa kwa vichwa.

Lakini lililonikalisha kitako ni jina la nchi yetu. Kichina hakiandikwi kwa alfabeti, kwa hiyo majina ya kigeni huandikwa kwa herufi zinazokaribia sauti. Kongo ni Gangguo. Kwa kuwa Kongo ziko mbili, ile ya Brazzaville inaongezewa bu, na yetu inaongezewa jin, kutokana na jina la Kinshasa. Sasa hiyo jin maana yake ni dhahabu. Ndiyo inayoanza hata jina la Jinhua. Na umbo lake dogo linasimama upande wa kushoto wa herufi za madini karibu yote: shaba, bati, kobalti, tantali inayotoka kwenye koltani. Ukifungua kamusi mahali hapo unaona kama unapita Rubaya, kisha unateremka hadi Bisie.

Mwezi wa kwanza 2025 ukafika. Tarehe 27 M23 iliingia Goma; tarehe 29 ilikuwa mwaka mpya wa Kichina. Wanafunzi wenyeji walikuwa wameenda kwao, kantini imefungwa, jengo zima tumebaki wachache. Usiku wa kuamkia sikukuu, vijiji vya pembeni walilipua fataki mpaka asubuhi. Mtu wa Masisi halali kwa sauti hizo, hata akiambiwa ni za furaha.

Saa za huku zinatangulia za kwenu kwa saa sita. Kwenu ikiwa saa moja jioni, huku ni saa saba usiku, kwa hiyo habari zenu nilizisubiri gizani. WhatsApp haifunguki huku bila ujanja, wenyeji wanatumia WeChat, nami kabla ya kusafiri nilikuwa nimemwekea mdogo wangu wa Goma. Ujumbe wake wa mwisho ulisema: tuko ndani ya nyumba. Kisha umeme na intaneti vikakatika.

Mama alikuwa kambini Bulengo tangu mwezi wa pili 2024, wakati watu wa Masisi waliteremka kwa maelfu kupitia Sake. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo wa pili, kambi zikabaki tupu. Nilisikia tu kwamba amekunja turubai lake na kupanda Masisi. Wengine wakasema amepita Nyabiondo, anaelekea Walikale kwa kaka yake. Simu haikupita. Tarehe 19 mwezi wa tatu Walikale-centre nayo ikachukuliwa, na watu wengi walikuwa wameshakimbilia msituni.

Juma hilo darasani tulipewa insha: wo de jiaxiang, yaani kwetu nyumbani. Herufi mia mbili.

Redioni nina maneno yangu ya kazi kama kila mwandishi. Hali ya usalama ni tete. Watu wenye silaha. Utulivu wa mashaka. Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye maneno mia sita ya ngazi ya tatu. Nilikuwa na mlima, mvua, ng'ombe, maziwa, mama, barabara, kwenda, kurudi, hakuna. Nikatafuta moja tu la nyongeza, tao, kukimbia. Nikaandika hivi, nawatafsiria:

Kwetu kunaitwa Masisi. Kuna milima mingi na mvua nyingi. Maziwa ya kwetu ni mazuri. Mama yangu alikuwa na ng'ombe watatu. Sasa hakuna. Mwaka jana mama alikimbia akaenda Goma. Mwaka huu alikimbia akatoka Goma. Barabara ni ile ile. Mjomba wangu anaishi Walikale, karibu na msitu. Sasa watu wa Walikale wako ndani ya msitu. Huko mvua inanyesha.

Nimesoma taarifa za habari miaka mingi. Tukisema hali ni tete, msikilizaji wa Nyabiondo anapata nini ambacho hajakiona mlangoni kwake? Na wa mbali haoni kitu.

Siku zile zile nilisoma kichwa cha habari cha Kichina cha kwanza bila msaada, kwenye simu ya mwenzangu wa darasa. Mgodi wa Bisie, unaotoa karibu asilimia 6 ya bati yote duniani, ulikuwa umesimamisha kazi tangu tarehe 13. Niliona herufi ya bati, nikaona Gangguo (Jin), nikaona herufi ya kupanda. Bei imepanda kwa sababu yetu. Herufi ya mtu haikuwemo.

Mwalimu alirudisha insha. Ni msichana mdogo kuliko mimi, lakini mwalimu ni mwalimu. Chini alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: mama yako sasa yuko wapi? Ni sentensi ya kitabu cha kwanza, herufi zote nilizijua. Jibu sikuwa nalo.

Lilikuja mwezi wa nne, M23 walipokuwa wameondoka Walikale-centre. Mdogo wangu alinitumia sauti iliyorekodiwa kwenye simu ya jirani. Mama hakufika Walikale. Magoti yalimkatalia Nyabiondo, akarudi Masisi-centre kwa rafiki yake wa kanisani. Mjomba ametoka msituni na watu wake wote. Mama anauliza: "Papa, unakula? Huko bugali iko?"

Kesho yake nilimwandikia Mwalimu mstari mmoja: mama yangu yuko Masisi. Alisoma, akafunga daftari taratibu kwa mikono miwili.

Nilipomweleza mama, akasema nimsalimie huyo mwalimu, na nimuulize kama ana watoto. La watoto nililiacha. Kufikisha salamu za mtu mwingine kwa Kichina tulikuwa hatujafundishwa, basi nikasema tu: mama yangu anasema, habari yako.