Kila Bia na Glasi Yake

Baa niliyofanyia kazi Brussels ilikuwa na glasi nyingi kuliko viti. Karibu kila kiwanda cha bia Ubelgiji kina glasi yake yenye nembo yake, na mhudumu anayeleta Westmalle ndani ya glasi ya Chimay huangaliwa kama aliyepakua wali kwenye kikombe cha chai. Wazee wa mtaa hawakuwa hata na haja ya kubishana. Ukiwaambia glasi ya bia yao bado iko meza nyingine, waliagiza bia ambayo glasi yake ipo.

Mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Kwetu bia za Simba na Tembo hufika mezani kwa chupa kubwa inayotoka jasho, na glasi ni yoyote iliyo karibu. Basi mwanzoni niliyaona haya yote kuwa matangazo ya biashara. Hata leo nasema mengine ni matangazo kweli. Glasi ya Kwak ina kitako cha mviringo, haisimami bila kishikio chake cha mbao. Wanasimulia kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya waendesha magari ya farasi. Watalii huipenda hadithi hiyo, lakini kwenye ladha sijaona inachoongeza. Inaongeza wizi. Kule Ghent, kwenye baa ya Dulle Griet, anayetaka bia katika glasi kubwa ya aina hiyo, ya zaidi ya lita moja, huweka rehani kiatu chake kimoja, kikapandishwa juu kwenye kikapu mpaka glasi irudi.

Duvel ni habari nyingine. Ina gesi nyingi mno, na glasi yake, yenye tumbo pana na shingo iliyobana, inapokea chupa nzima ya sentilita 33 pamoja na povu lake. Ndani, chini kabisa, pamechongwa herufi D. Viputo huanzia hapo na kupanda mfululizo, povu likakaa. Siku moja baa ikiwa tupu niligawa chupa moja, nusu kwenye glasi yake, nusu kwenye glasi ya maji. Ile ya maji ilibaki uchi upesi, na harufu ikawa imekwisha.

Bosi wangu, Mflamandi asiyependa maneno mengi, alinifundisha kuonja kwa Orval. Glasi yake ni kama kikombe cha misa, na aliyeichora ni Henry Vaes, msanifu aliyechora pia abasia mpya ya watawa wa Orval. Chupani mna hamira ya Brettanomyces ambayo haijaacha kazi, kwa hiyo bosi alinipa mbili: changa na iliyokaa stoo. Changa ilikuwa na uchungu wa hopsi, mbichi, karibu ya maua. Ya zamani ilikuwa kavu, yenye harufu ya ngozi ya tandiko la farasi. Akaniuliza ipi nzuri. Nikamwambia ya zamani. Akanirushia brashi, nikaoshe glasi.

Na kuosha ndiko kazi yenyewe ilikokuwa. Brashi, kisha maji baridi, na glasi inakwenda mezani ingali na majimaji. Mafuta kidogo tu, hata ya rangi ya midomo, yanaua povu lote.

Jumapili walikuja watu wetu kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels. Mmoja, mkubwa wangu kwa umri, niliwahi kumletea Rochefort 10, bia ya asilimia 11.3, isiyotoka kwenye barafu.

“Mudogo, hii ya moto namna gani? Leta ya baridi!”

“Yaya, onja kwanza.”

Aliimaliza kwa mikupuo mitatu, kama Simba. Ya pili akainywa taratibu, akiigeuzageuza glasi mkononi bila kufundishwa na mtu. Alipoagiza ya tatu nilimletea maji, nikamwitia teksi.