Kofia ya Vito Katika Maulidi ya Lamu

Maulidi ya Lamu husifiwa sana, na sifa hiyo ni haki yake. Kila Mfungo Sita mji ule mdogo hujaa wageni. Matari hupigwa karibu na Msikiti wa Riyadha, wanaume hucheza goma kwa bakora, na punda, ambao ndio motokaa za mji ule, hushindana mbio kandokando ya bahari. Aliyeistawisha sherehe hiyo ni Habib Swaleh kutoka visiwa vya Ngazija, ambaye alifundisha hata watumwa na wanyonge, jambo lililowachukiza baadhi ya wakubwa wa mji.

Lakini macho yangu yalivutwa na mzee mmoja aliyeketi barazani akishona kofia ya vito. Kitambaa hutiwa vitundu vidogo mno, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kikaze. Kofia moja huweza kuchukua miezi. Mgeni mmoja akaitaka kwa bei ya kofia ya mashine. Mzee hakukasirika.

"Ya mashine nayo ni nzuri, bwana. Kainunue."

Nikamsogelea. "Shikamoo, mzee. Je, wanao wanaijua kazi hii?"

"Marahaba, mwanangu. Mmoja aliijua." Akaitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu. "Sasa ni karani Mombasa. Mshahara huja kila mwezi. Kofia haiji kila mwezi."

Sikuwa na neno la kumjibu, maana hesabu yake ilikuwa sahihi. Nikaagiza yangu kwa bei aliyoitaja, bila kupunguza hata senti. Akanipima kichwa kwa uzi, akaniambia nirudi Mfungo Sita ujao.