Usiwaoze shaba na alumini!

Msomaji wangu, Mbeya ni mji wa baridi. Mwezi wa Julai hapa mtu halali bila mablanketi mawili. Basi huku huku kwenye baridi ndiko kompyuta yangu ilikochemsha kama lori bovu!

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, pale Mwanjelwa. Ukishaanza kuunganisha picha, prosesa inapanda joto hadi nyuzi 95, kisha inajipunguza mwendo isiungue. Feni nayo ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga. Nikashauriwa nifunge mtambo wa maji. Juu ya prosesa unalaza bloku, kipande cha chuma chenye vijia ndani. Maji yanapita humo, yanabeba joto hadi kwenye rejeta ndogo, na feni inalipuliza nje.

Bloku zilikuwa mbili: ya shaba, bei mbaya, ya alumini, bei poa. Rejeta yenyewe ilikuwa ya shaba. Mimi kwa ubahili wangu nikabeba alumini, chenji nikaila nyama choma. Jamani, tamaa!

Miezi haikupita mingi. Usiku mmoja nikiwa namalizia harusi ya mteja, nikasikia to! to! to! Bloku imetoboka, maji yameingia kwenye bodi, kioo giza. Nikaishiwa nguvu. Mama mzazi wa bibi harusi alifariki wiki tatu baada ya sherehe. Picha zake za mwisho, akicheza na khanga kiunoni, zilikuwa humo humo.

Alfajiri nikapanda basi hadi Iringa kwa binamu yangu, fundi kompyuta. Uani nikamkuta baba yake, aliyeendesha malori miaka mingi akipandisha Kitonga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona umenyauka hivyo?"

Nikamweleza. Akaichukua ile bloku, akakwangua kwa ukucha unga mweupe, akacheka.

"Mpwa wangu, ukiwaoza shaba na alumini ndani ya maji, alumini ataoza kweli! Sisi kwenye rejeta tulilijua hilo zamani."

Kumbe ndivyo. Shaba inapitisha joto kuliko alumini, lakini si hilo lililoniponza. Metali hizo mbili zikikutana kwenye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Ukichagua shaba, iwe shaba kote. Weka maji ya betri yenye dawa ya kuzuia kutu, si ya bomba, maana vijia vya bloku ni vyembamba na huziba upesi. Na kwa baridi yetu hii, wengi wetu feni nzuri ingetutosha.

Bodi ilikufa, ila diski haikulowa. Nilipomkabidhi yule binti kazi yake, aliangalia mama yake akicheza, akarudisha nyuma, akaangalia tena. Hakuuliza kwa nini nimechelewa, na mimi sikumwambia habari za nyama choma.