Kipuri cha Karibu na Kipuri cha Mbali

Hapa kwetu Lubumbashi magari mengi tunayoyaendesha yamezeeka kabla ya kutufikia. Yalitengenezwa Japani, yakatumika huko miaka kumi au zaidi, yakapanda meli hadi Dar es Salaam, kisha yakasafiri kwa barabara karibu kilometa 2,000, kupitia Tunduma na nchi ya Zambia, mpaka Kasumbalesa. Usukani wao uko kuume, ingawa sisi wenyewe tunapita upande wa kuume wa barabara. Magari ya namna hiyo huomba vipuri mara kwa mara, wala hayaombi kwa adabu. Ndiyo maana swali la mahali pa kununua vipuri si la matajiri peke yao. Linamhusu mwalimu, muuguzi, mwenye basi dogo, na kila abiria anayelipa franka zake asubuhi akitumaini kufika kazini salama.

Zamani swali hilo halikuwako. Uliposikia sauti mbaya chini ya gari ulikwenda kwa fundi. Fundi alifungua, akatoa kipande kilichokufa, akakifunga katika gazeti kuukuu, mkaenda pamoja dukani. Mwenye duka alikipokea, akakigeuza mikononi, akaingia nyuma, akarudi na pacha wake. Siku hizi mwanangu wa kwanza, akisikia sauti ileile, huchukua simu. Kabla fundi hajamaliza kuosha mikono, kijana amekwisha kuona kipuri hicho Dubai, Japani na China, pamoja na picha na bei. Kisha huniuliza: «Papa, kwa nini tulipe mara mbili?» Swali la mtoto linastahili jibu la haki, nami nimelitafuta jibu hilo kwa miaka kadhaa, nikiwa na daftari mkononi.

Nianze na mambo ambayo intaneti imetutendea vizuri. Gari letu ni Toyota Noah la namba ya AZR60, lenye injini ya lita mbili ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini hiyo huhitaji pampu maalumu ya presha kubwa. Pampu yetu ilipokufa, tulizunguka maduka manne. Mawili hayakuwa nayo. La tatu lilikuwa na pampu iliyokwisha kutumika, kwa dola 240, bila ahadi yoyote. Katika la nne tulishauriwa kubadili injini nzima. Mwanangu aliiona pampu kama hiyo kwa mtu anayevunja magari ya zamani huko Japani: nayo ilikuwa imetumika, lakini imepimwa, na bei yake ilikuwa dola 85.

Daftari langu lasema hivi: pampu dola 85, usafiri wa ndege na agensi dola 48, duane na gharama za kuitoa dola 31, gharama ya kutuma fedha dola 6. Jumla dola 170. Tuliokoa dola 70 kwa hesabu hiyo, ila tulingoja wiki tano, na nauli za watu wanne wa nyumba yetu kwa wiki hizo zilipita dola 60. Kwa hiyo faida yetu haikuwa bei. Faida ilikuwa kupata kitu ambacho mjini hakikupatikana kwa namna ya kuaminika. Bila intaneti, gari lile lingekuwa leo banda la kuku.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba bei inayoonekana kwenye simu ni mlango tu wa hesabu. Ndege haziangalii uzito peke yake. Kwa kawaida hupima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, huzidisha, hugawanya kwa 6,000 (makampuni ya vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000), na namba inayotoka huhesabiwa kuwa kilo, ikiwa ni kubwa kuliko uzito wenyewe. Chukua bampa iliyomo katika boksi la sentimita 150 kwa 50 kwa 40. Mtoto anaweza kuibeba, lakini kwa hesabu ya ndege ina kilo 50. Kisha ushuru wa duane huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, na TVA ya 16% hufuata. Kipuri kidogo, kizito kwa thamani na chepesi kwa mwili, chaweza kuvumilia safari hiyo. Bampa, kioo au bomba la moshi havivumilii.

Jambo la pili ni namba. Katika chumba cha injini cha gari la Kijapani kwa kawaida kuna kibao cha chuma chenye namba ya chasi. Ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Na kipuri cha Toyota kwa kawaida kina namba ya tarakimu kumi: tano za kwanza husema ni kitu gani, tano za mwisho husema ni cha gari lipi. 04465 ni plaketi za freni za mbele. 48510 ni amotisa ya mbele kuume, 48520 ni ya mbele kushoto. Anayeagiza kwa kutazama picha tu anacheza bahati nasibu. Tena wengi wetu, kwa kuwa tunasoma Kifaransa, hutafuta katika maduka ya Ubelgiji na Ufaransa, au huwaomba ndugu walioko Bruksel. Lakini magari ya kule yana usukani kushoto. Kasha la usukani la huko halikai katika magari yetu ya Japani, hata kama jina la gari ni lilelile.

Namba zote mbili za amotisa nilizitaja hapo juu kwa sababu. Tuliagiza jozi, moja ya kuume na moja ya kushoto, tukaandika tarakimu zote. Baada ya wiki sita boksi lilifika, na ndani yake kulikuwa na mbili za kuume. Mwuzaji alikiri upesi, kwa maneno matamu, kwamba kosa ni lake. Kisha akaeleza kwamba kurudisha ni kwa gharama ya mnunuzi. Gharama hiyo ilizidi bei ya amotisa yenyewe. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Haki yetu ilikuwa kamili katika maandishi, lakini hapakuwa na mkono wa kuitekeleza.

Aliyetuponya ni mama mmoja mwenye duka la vipuri katika komini ya Kenya, ambaye kwa kweli hakuwa na deni lolote kwetu. Alizitazama amotisa zetu, akasoma jina la kiwanda, akapanda ngazi, akashuka na ya kushoto ya kiwanda kilekile. Akaichukua ile ya kuume iliyozidi, tukamwongezea dola 15.

«Hii itapata mwenyewe, Papa», alisema. «Mashimo yetu hayachagui upande.»

Nataka tuelewe vema alichotuuzia. Hakutuuzia chuma peke yake. Alituuzia uwezekano wa kurudi. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya duka la jirani na duka la mbali ni malipo ya jambo hilo: mtu fulani ametanguliza fedha zake, amekubali mali ilale miezi mingi juu ya rafu, na kesho asubuhi utamkuta palepale, akiwa na uso na jina. Mwanangu aliita tofauti hiyo wizi. Mara nyingine ni wizi kweli. Mara nyingine ni mshahara.

Maana nisiwapambe wenye maduka kuliko ukweli. Katika maduka yetu kuna vipuri vilivyotumika ambavyo vimepakwa rangi vikaitwa vipya. Kuna maboksi yenye jina la kiwanda maarufu na ndani yake kitu ambacho kiwanda hicho hakijapata kukiona. Kuna mafundi wanaokupeleka katika duka moja tu, si kwa sababu mali yake ni bora, bali kwa sababu ya komisyo wanayoipata mgongoni mwako. Intaneti imesaidia hapa. Siku hizi ninapokwenda dukani nikiwa na bei ya mbali, nikiwa nimeongeza kwa haki usafiri na duane, mazungumzo huwa mafupi na ya kiungwana zaidi. Mwenye duka mwaminifu haogopi hesabu hiyo. Anayeiogopa amejitambulisha mwenyewe.

Lakini jambo lililonishinda kulala ni la freni. Nilikwenda kwa mama yuleyule kununua plaketi za mbele. Aliweka mezani pakiti mbili, moja ya dola 12, nyingine ya dola 35. Akanifundisha kuzipima kwa mkono. Ile ya bei kubwa ilikuwa nzito, namba yake imechongwa katika chuma, tabaka la kusugulia limeshikamana sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Katika ile ya bei ndogo, unene haukuwa sawa, na pembeni palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

«Wewe sitakuuzia hii», aliniambia. «Unabeba watoto.»

Nikamwuliza: «Na wale wengine, Mama?»

Alinyamaza kidogo. Kisha akajibu: «Wale wengine wanaiomba wenyewe. Mwenye basi anakuja na dola 12, hana 35. Nikikataa, anaingia mlango wa pili. Nami nina watoto sita.»

Sikuwa na jibu la kumpa, na sijalipata lililo kamili hata leo. Tumezoea kuuweka udanganyifu wa biashara chini ya amri ya saba. Kwa freni, naona unasogea karibu sana na amri ya tano. Yeyote aliyeshuka na basi lililojaa katika njia ya Likasi, kati ya malori ya madini, anafahamu kwamba plaketi yenye ufa si hasara ya dola chache. Hata hivyo mzigo huo hauko juu ya mwuzaji peke yake. Mwenye basi anayelipwa kwa idadi ya safari anaubeba. Sisi abiria tunaogombania franka mia moja za nauli tunaubeba pia. Na yule aliyefungasha kitu kibovu katika boksi la uongo, mbali sana na mashimo yetu, anaubeba kwanza, ingawa hatamwona kamwe atakayekufa.

Ndiyo sababu sikubali kwamba duka la mbali ni dawa ya ubovu huo. Ile pakiti ya dola 12 ipo kwenye simu pia, tena imepigwa picha nzuri zaidi. Picha haina uzito, wala haionyeshi ufa. Juu ya hayo, mama wa komini ya Kenya aliweza kuniambia «wewe sitakuuzia». Hakuna ukurasa wa biashara uliokwisha kuniambia neno hilo.

Wengine husema tununue kwa jirani ili fedha zibaki nchini. Nasema ndiyo, lakini tusijidanganye. Vipuri vya jirani navyo vimetoka ng'ambo. Shaba ya Kolwezi na Likasi huondoka kwetu ikiwa chuma, na huenda ikarudi ikiwa waya ndani ya alternata ambayo tunainunua kwa kulalamika. Kinachobaki hapa ni kazi ya binadamu: aliyechagua mali, aliyeihifadhi, fundi aliyeifunga. Na siku hizi kuna kazi mpya, ya vijana waliosoma wasipate ajira, wanaowaagizia wengine kwa simu zao na kupata komisyo ndogo. Kijana kama huyo, akijua kusoma namba ya chasi na kusema wazi gharama zote kabla ya kupokea fedha, ni daraja kati ya duka la karibu na la mbali. Anastahili kulipwa, na anastahili kudaiwa ukweli.

Basi nyumbani kwetu tumefikia utaratibu huu. Vitu vinavyolinda uhai, yaani freni, usukani, amotisa na matairi, tunanunua hapa, kwa mtu tunayemjua, tukivishika kwa mikono yetu, hata kama bei yake inauma. Vivyo hivyo filta na bujia, kwa sababu vumbi la kiangazi halingoji ndege. Kitu adimu, kidogo kwa umbo, chenye namba kamili, ambacho mjini hakipatikani, tunakiagiza, baada ya kuandika gharama zote katika ukurasa mmoja. Na kila mara tunaomba hati ya malipo, karibu na mbali, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Nakuachia maswali, ndugu msomaji, wewe na watu wa nyumba yako. Je, fundi wako hukuonyesha kipande cha zamani kabla ya kufunga kipya? Je, unapompunguzia mwuzaji bei, wajua ni kitu gani anakitoa katika mali ili aifikie bei yako? Na ukiwa na basi au taksi, ni nani amechagua plaketi zake? Abiria anayeketi kiti cha nyuma hajui zilinunuliwa wapi wala kwa dola ngapi. Hakuulizwa. Lakini kwenye mteremko, uamuzi wetu wa dukani ni wake kabla ya kuwa wetu.