Barabara ya Kaskazini

Kwenye uandishi wa habari, barabara ni stori ya kawaida kabisa: kilomita ngapi, bilioni ngapi, mkandarasi nani, safari itapungua kwa saa ngapi. Barabara za Chaco Canyon, huko New Mexico, Marekani, hazijibu hata moja ya maswali hayo, na ndiyo maana siachi kusoma habari zake.

Chaco ni korongo katika jangwa la nyanda za juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Kati ya miaka ya 850 na 1150 hivi, mababu wa Wapueblo wa leo walijenga hapo majumba ya mawe. Moja tu, Pueblo Bonito, lina vyumba zaidi ya 600. Kutoka kwenye majumba hayo zinatoka barabara, nyingine zina upana wa mita 9. Sasa hebu fikiria. Watu hawa hawakuwa na gurudumu, hawakuwa na punda wala farasi. Hata magogo ya kuezekea, mengi yakitoka milima iliyo mbali kilomita 70 na zaidi, yalibebwa na binadamu. Mita 9 za nini?

Tena hazikwepi kitu. Zikikuta ukuta wa jabali, watu wamechonga ngazi mwambani, wakapanda juu na kuendelea. Ile kubwa ya kaskazini inakwenda zaidi ya kilomita 50 karibu bila kupinda, inafika ukingo wa Kutz Canyon, inashukia bondeni. Hakuna mji pale. Mtafiti Anna Sofaer na wenzake wanaihusisha na simulizi za Wapueblo, kwamba kaskazini ndiko watu walikotokea na ndiko wafu wanakorudi. Kwa kawaida neno "ibada" hunitia shaka, maana wanaakiolojia hulikimbilia wakikosa jibu. Hapa nakubali. Mkulima mwenye mzigo wa mahindi mgongoni angezunguka lile jabali.

Ukisimama juu yake unaweza usiione. Ni mbonyeo tu uliojaa mchanga, unaoonekana vizuri kutoka ndegeni jua likiwa chini, na siku hizi kwa miale ya leza. Kitu kama hicho greda linakifuta asubuhi moja, na eneo lote hili lina mafuta na gesi.

Juni 2023 serikali ya Marekani ilizuia kwa miaka 20 mikataba mipya ya uchimbaji kwenye ardhi yake iliyo ndani ya kilomita 16 hivi kuzunguka hifadhi. Viongozi wa Wapueblo walishangilia. Familia za Wanavajo zenye viwanja humo zililalamika, kwa sababu mrabaha wa mafuta ndio unaolisha nyumba zao, na visima vyao vimezungukwa na ardhi hiyo iliyofungwa. Nawaelewa wote, jamani, na sijui ningepiga kura upande gani. Ila nimepima kwenye ramani: sehemu kubwa ya barabara ya kaskazini iko nje ya duara hilo.