Magari Mawili ya Namna Moja

Katika miaka ya 1980 tulikuwa tukisafiri mara kwa mara kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa kukagua mazoezi ya kufundisha. Tulipewa Land Rover mbili za toleo la tatu, aina iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, zote za petroli, zenye injini za mitungi minne na ujazo wa sentimita 2,286. Hata rangi ilikuwa moja. Walakini gari moja lilitangulia kila safari, na la pili likaja nyuma likihema miinukoni, abiria wake wamekuwa wekundu kwa vumbi la wenzao.

Sisi tuliokuwa tukisisitiza uchunguzi darasani tulihukumu bila kuchunguza: dereva wa gari la pili ni mvivu. Mzee yule aliapa kwamba mshale wake wa spidi ulisoma sawa na wa mwenzake; tukamcheka. Maneno yetu yakafika ofisini, naye akaandikiwa barua ya onyo.

Siku moja gari lile lilisimama uwanjani pa shule, na watoto wakalizunguka. Mvulana wa darasa la tano aliligusa gurudumu la nyuma, akauondoa mkono upesi. "Mwalimu, hili linaunguza!" Tuliyagusa yale matatu mengine, yalikuwa vuguvugu tu. Fundi alipolinyanyua kwa jeki, halikukubali kuzungushwa kwa mkono. Breki yake haikuwa ikiachia, hata nguvu ya petroli ikawa inageuka joto badala ya mwendo. Chujio la hewa nalo lilikuwa limezibwa na vumbi, na injini inayokosa hewa haichomi mafuta sawasawa. Mizigo ya msafara, tukumbuke, tulikuwa tukiipakia katika gari hilohilo, kwa kuwa lilikuwa la polepole!

Na ule mshale? Matairi ya gari lile yalikuwa yamelika. Tairi lililolika lina mzingo mfupi, basi huzunguka mara nyingi zaidi katika mwendo uleule. Mshale nao huhesabu mizunguko, hauioni barabara. Hivyo ulisoma zaidi ya kweli. Tofauti ni ndogo, lakini mzee hakusema uongo.

Nachingwea ilikwisha kuona makosa makubwa kuliko letu. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulitumia hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, kana kwamba mashine iliyofaa vitani ingefaa popote.

Mwalimu mwanafunzi anaweza kulifundisha jambo hili bila gari. Watoto waunde magari ya makopo yenye magurudumu ya kandambili kuukuu, wayateremshe kwenye ubao ulioinamishwa, wakibadili kitu kimoja tu kila mara: leo mzigo, kesho ukubwa wa gurudumu, keshokutwa mchanga juu ya ubao. Wakibadili viwili pamoja, hawatajua kipi kilichochelewesha gari. Nasi tulikuwa tumevichanganya vinne, tukamwongeza na dereva.

Tulikwenda ofisini kuomba barua ile iondolewe. Tukajibiwa kwamba barua ikishaingia jaladani haitoki. Tukaandika ya pili, ikafungwa juu ya ile ya kwanza. Mzee alipoonyeshwa, alizisoma zote mbili taratibu, kisha akatuuliza kama tumeshautoa mzigo garini mwake.