Haya ya Shangazi

Msomaji, nakusimulia kosa langu ili lisiwe lako.

Shangazi yangu wa Mombasa alikuwa mshonaji wa kofia. Mwaka 2014 alilalamika kwamba jicho lake la kushoto limeingia ukungu, na safu za vitobo vya kofia aziona zimepinda. Maumivu hakuwa nayo. Nilidhani ni uzee. Nikamnunulia miwani sokoni, nikajiona nimetenda wema. Miezi miwili ikapita, ukungu ukazidi.

Hospitalini daktari alimwuliza, "Mama, umepata kuugua nini zamani?" Shangazi akainama, akanyamaza. Miaka minne nyuma alikuwa ameondolewa titi moja kwa sababu ya saratani, na jambo hilo hakupenda litajwe mbele yangu. Nikatambua kuwa mimi ndimi kufuli ya kinywa chake. Nikatoka nje, naye akasema.

Daktari alimtia matone ya kupanua mboni, akatazama nyuma ya jicho, akaona doa la manjano hafifu chini ya retina. Vipimo vilivyofuata vilithibitisha kuwa ni saratani ile ile ya titi.

Wauliza, titi na jicho vina udugu gani? Vina udugu wa damu. Seli za saratani huweza kujitenga na kiungo kimoja, zikachukuliwa na damu. Na nyuma ya jicho pana utando wenye mishipa mingi sana ya damu, ambamo huweza kutua na kukua. Mwaka 1889 tabibu Mwingereza, Stephen Paget, alizifananisha na mbegu: huchukuliwa kila upande, lakini huota penye udongo unaozifaa. Kwa wanawake, saratani ifikayo jichoni hutoka mara nyingi katika titi. Kwa wanaume, katika pafu. Hutokea hata jicho likalalamika kabla pafu halijajulikana kuwa gonjwa.

Mionzi na dawa vilimrudishia shangazi nuru kiasi. Alinishonea kofia moja zaidi, nami ninayo hata leo. Alifariki mwaka 2016.

Si kila ukungu wa jicho ni saratani. Lakini aliyepata kuugua saratani akiona ukungu, na aende upesi kwa daktari wa macho, aseme yote. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Nawe, msomaji, umsindikizapo mgonjwa, jua wakati wa kukaa naye na wakati wa kumpisha aseme.